Kalamu ya Mama Inakwaruza: Utatuzi wa Matatizo ya Kalamu za Wino Zenye Nibu Pana

Kabla hujashika msasa, shika kikombe cha maji. Mimi nilianza na msasa, na kalamu ya kijani ya mama haijapona mpaka leo.

Mama alikuwa karani wa masjala hapa Mbeya mjini. Kutwa alikuwa akiandika majina na namba juu ya majalada, na jalada halisomwi kama barua: limesimama rafuni, anayelitafuta yuko ng'ambo ya kaunta, na taa ni moja. Maandishi membamba hayafai hapo. Ndiyo maana aling'ang'ania nibu pana, yaani ile ncha ya metali ya kalamu ya wino inayotoa mstari mnene, hata wenzake wote walipohamia kwenye biki, ambayo yeye alisema inaparura karatasi kama kuku anayetafuta mchwa. Alikuwa na Parker 45 mbili, ya kijani na nyeusi. Ni mtindo ulioingia sokoni mwaka 1960, na nibu yake inafunguka kwa kuzungushwa kama skrubu. Alipostaafu akarudi kwao Tukuyu, akanikabidhi zote mbili zikiwa zimefungwa kwenye kipande cha kanga.

Mapenzi yenyewe nilikuwa nimeyarithi zamani. Nikiwa darasa la tatu nilikuwa nasimama pembeni yake nisubiri amalize mstari, niuangalie wino ukikauka: unang'aa, unafifia kuanzia ukingoni, mwisho unabaki umetulia. Siku hizi nina stesheneri ndogo Kabwe, na jirani na mashine ya fotokopi kuna meza ya kalamu. Wateja wa meza hiyo si wengi. Ni mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, mtendaji wa kata mmoja anayependa sahihi yake ionekane, na vijana wa chuo walioagiza kalamu za Kichina kwa simu. Matatizo yao yanajirudia, kwa hiyo nayaandika kama yanavyonifikia mezani.

Kwanza ujue kinachotokea ndani. Chini ya nibu kuna ulimi, mara nyingi wa plastiki, wenye mifereji myembamba kama uzi. Wino unashuka kwa mifereji hiyo, hewa inapanda kuchukua nafasi yake. Hewa isipoingia, wino hautoki. Ikiingia kupita kiasi, wino unamwagika. Mmarekani Lewis Edson Waterman alipata hataza ya ulimi wa namna hiyo mwaka 1884, na kalamu utakayonunua kesho inafuata kanuni ileile. Kutoka kwenye ulimi wino unapita kwenye mpasuo wa nibu, katikati ya meno mawili, hadi kwenye chembe ngumu iliyounganishwa nchani. Chembe hiyo ni mchanganyiko wa metali ngumu za jamii ya platinamu, kwa sababu dhahabu au chuma cha nibu yenyewe kingelika upesi. Nibu pana ina chembe kubwa, na mstari wake kwa kawaida ni milimita 0.8 hadi 1. Kwa hiyo inakunywa wino mwingi, na inataka ikae sawasawa juu ya karatasi. Karibu kila shida yake inatokana na mojawapo ya hayo mawili.

Utaratibu wangu wa kutafuta ugonjwa ni huu: maji, wino, karatasi, mkono, kisha nibu yenyewe. Nibu ni ya mwisho kuguswa.

Imelala kabatini, haiandiki kabisa

Wino umekauka kwenye mifereji. Toa katriji (kile kichupa cha plastiki cha kutupa wino ukiisha) au pampu (kitangi kidogo cha kuvutia wino ndani), tumbukiza nibu na shingo ya kalamu kwenye kikombe cha maji ya kawaida, uiache usiku kucha. Asubuhi mwaga, tia mengine. Endelea hivyo mpaka maji yabaki meupe. Mwalimu mmoja aliniletea kalamu kutoka Rujewa ambayo siku ya tatu bado ilikuwa inatoa bluu, na yeye alikuwa ameshaitangaza kuwa imekufa. Ikikaribia kusafika, tia tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye glasi ya maji, vuta na kusukuma kwa pampu mara kumi, kisha suuza vizuri sana, maana sabuni ikibaki wino utatambaa ovyo.

Maji ya moto hapana. Plastiki za zamani hupinda, na mpira mgumu wa kalamu za zamani zaidi hupoteza rangi. Spiriti nayo hapana, inakula baadhi ya plastiki. Usitumbukize sindano kwenye mifereji. Kwa Parker 45 unaweza kufungua nibu, lakini baada ya kuiloweka tu, na kwa vidole. Ukisikia inagoma, irudishe majini ilale siku nyingine. Kuikausha, izungushie tishu nibu ikiangalia chini, tishu itanyonya maji yaliyobaki ndani.

Kalamu mpya kabisa inayosuasua ipitie maji yaleyale ya sabuni. Mara nyingi ina mafuta ya kiwandani.

Iliandika vizuri, nikaijaza wino mwingine, ikaziba

Hapa swali langu ni moja: wino gani? Jibu linalonivunja moyo ni "ule wa printa", na la pili ni "ule wa mihuri". Naelewa wanafikaje huko. Kichupa cha wino wa kalamu ni adimu hapa mjini, wa mihuri upo kila duka. Lakini wino wa mihuri umetengenezwa usikauke juu ya pedi, kwa hiyo hata kwenye karatasi unabaki unachafua mikono, na ndani ya ulimi unakuwa kama asali. Wino mweusi wa wachoraji, ule wenye masizi na gundi, ni mbaya kupita wote. Ukikauka ndani, maji peke yake hayautoi.

Aliyetia wa printa au wa mihuri asisubiri hata saa moja. Maji, sabuni kidogo, maji tena, siku mbili au tatu. Wengi wanapona. Aliyetia ule wa wachoraji na ukalala mwezi mzima, ninampokea kalamu lakini simwahidi kitu.

Na kichupa cha urithi kikague pia. Katika kile kipande cha kanga cha mama kulikuwa na kichupa kimefika nusu, na kwa furaha ya kijinga nilitaka kuanza nacho. Juu ya wino kulikuwa na utando kama wa uji uliolala, na harufu ya kabati lenye unyevu. Ule ni ukungu, na ukiuingiza kwenye kalamu unaukaribisha kwenye kila kichupa utakachochovya baadaye. Wino nikaumwaga, kichupa nikakiosha kwa maji ya moto. Chenyewe ni kioo, hakikulalamika. Sasa kinashika pini za karatasi.

Mwanzo wa ukurasa inaandika, ikifika chini inaruka

Hili lilinitesa kipupwe kizima kabla sijalijua. Juni na Julai huku kwetu ngozi inapasuka, kila mtu anajipaka mafuta ya mgando mpaka viwiko. Kiganja kinalala kwenye karatasi, kinaipaka mafuta kadiri unavyoshuka, na wino wa maji haushiki palipo na mafuta. Juu ya ukurasa, ambako mkono haujalala, mstari umejaa; chini unakatikakatika. Mtu anailaumu nibu!

Weka karatasi nyingine chini ya kiganja, uishushe pamoja na mkono. Mama alikuwa na kipande cha gamba la jalada kwa kazi hiyo, na kwa miaka yote nilidhani anaficha anachoandika.

Inakata wino katikati ya sentensi, halafu inarudi yenyewe

Nibu pana inaweza kumaliza wino ulioko kwenye ulimi kabla ulimi haujajazwa tena. Angalia ndani ya pampu. Ukiona wino umeganda upande wa nyuma huku mbele kuna hewa tupu, kosa si la nibu. Wino umeshikilia kuta za pampu. Igonge polepole kwa ukucha. Ukirudia rudia, ioshe kwa sabuni. Wapo wanaoweka gololi ndogo ndani ya pampu ili iutikise wino, na ni njia nzuri, ila gololi iwe ya chuma kisichoshika kutu. Kijana mmoja aliweka ya baiskeli. Wino wake wa bluu ukageuka rangi ya chai.

Kalamu za Kichina za kubana, zile ambazo nibu imejificha hadi inachungulia ncha tu, hukata wino kwa sababu nyingine: hazikujazwa. Mtu anabana mara moja anadhani imejaa. Bana mara nne au tano nibu ikiwa ndani ya wino, kila mara ukiachia uhesabu hadi tano kabla ya kubana tena.

Kama pampu imejaa, wino ni mzuri, na bado mstari unakauka, huenda meno ya nibu yamebanana. Inyanyue kwenye mwanga uangalie mpasuo. Mwanga unapaswa kuonekana kuanzia kwenye tundu la juu, ukipungua kuelekea nchani. Usipoona kitu kabisa, pitisha kipande cha karatasi nyembamba ya shaba mara mbili tatu. Watu wanatumia wembe. Nimeshaona wembe ukiacha mikwaruzo ndani ya mpasuo wa nibu ya dhahabu, na dhahabu ya karati 14 ni laini kuliko unavyofikiri.

Kalamu inayokata asubuhi tu, wakati wa baridi, haina ugonjwa. Wino ukipoa huwa mzito. Itie mfuko wa ndani wa koti dakika kumi.

Inasita herufi ya kwanza, kisha inateleza

Angalia mambo mawili. La kwanza ni kifuniko. Kuanzia Juni mpaka Oktoba hewa ya Mbeya ni kavu, na kifuniko chenye ufa kinaachia maji ya wino yaondoke usiku. Jaribio lake: funika kalamu, iweke ndani ya kopo lenye kifuniko cha kubana pamoja na pamba yenye unyevu, ilale humo. Kama asubuhi inaanza bila kusita, kifuniko chako kinavuja hewa.

Kama bado inasita, tatizo linaweza kuwa kwenye chembe yenyewe, na hili hupenda zaidi nibu pana. Kiwanda kikitaka nibu iteleze sana, kinaing'arisha mpaka kingo za ndani za mpasuo zinaviringika. Ukiiangalia kwa lenzi ya fundi saa unaona matuta mawili na bonde katikati, kama makalio ya mtoto mchanga. Wino unabaki bondeni, haugusi karatasi mpaka ukandamize. Ndiyo dalili yake: bila kukandamiza haianzi, ukikandamiza kidogo inaanza.

Jaribu kwanza wino unaotiririka zaidi. Mara nyingi unamaliza kesi. Usipomaliza, nenda Mwanjelwa kwenye vibanda vya vipodozi ununue kile kifutio cha kung'arishia kucha chenye pande nne. Kalamu ikiwa na wino, andika namba nane juu ya upande wa tatu, ukihesabu kuanzia ule unaokwaruza zaidi, mara tano, bila kukandamiza, ijaribu kwenye karatasi, urudie kama inahitajika, na umalizie kwenye upande laini kabisa. Ukichoka, acha. Kilichopunguzwa hakirudi.

Imevuja kwenye begi

Mtendaji wangu wa kata alitoka Dar es Salaam na sahihi imehamia kwenye shati. Alikuwa na hakika kalamu ni mbovu. Nikamuuliza kalamu ilikuwa wapi basi lilipopanda mlima wa Kitonga, akacheka, lakini swali lilikuwa la kweli.

Mbeya iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Dar. Hewa iliyofungiwa ndani ya kalamu ukiwa pwani inatanuka kwa karibu moja ya tano ukifika huku. Chukua pampu ya mililita 1 iliyofika nusu: ile nusu mililita ya hewa inataka nafasi zaidi ya kama mililita 0.1, yaani matone mawili, na njia pekee ya kutoka ni kupitia kwenye wino. Ulimi una mapezi ya kushika ziada ndogo. Matone mawili kwa mpigo yanaweza kuushinda. Unapoacha vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na basi likaanza kupanda kona za Kitonga kuelekea Ilula, ndipo kalamu inapoanza kutema. Baada ya Makambako barabara inashuka hadi uwanda wa Usangu, kalamu inavuta hewa ndani. Kisha Chimala hadi Uyole inapanda tena, inatema mara ya pili. Kwa hiyo anayefuta kalamu Mafinga na kudhani amemaliza, bado.

Dawa: safiri na kalamu iliyojaa pomoni, ambayo haina hewa ya kutanuka, au tupu kabisa. Nibu iangalie juu safari nzima, kwenye mfuko wa shati. Ukifika, ifungue nibu ikiwa bado juu, juu ya tishu.

Kudondosha wino mezani, bila safari yoyote, ni jambo hilohilo kwa udogo wake. Pampu iliyobaki robo ina hewa nyingi, kiganja chako kinaipasha moto, hewa inatanuka. Jaza. Ikidondosha hata ikiwa imejaa, tafuta ufa kwenye shingo, au katriji isiyokaa vizuri, au, kwa kalamu za kifuko, mpira uliozeeka. Nyuzi za skrubu zinazopitisha wino zipakwe grisi ya silikoni kidogo sana. Usitumie mafuta ya mgando, yanaozesha mpira.

Wino unatambaa kama mizizi, unatokea upande wa pili

Ni karatasi. Kiwandani karatasi ya kuandikia hutiwa wanga au dawa ya kuizuia isinywe; ikipata kidogo, inakunywa kama kitambaa, na nibu pana inaimiminia maradufu. Ukipita Mafinga ukaona misonobari ya Sao Hill inavyoenea utadhani watu wa nyanda za juu tungekuwa wa mwisho kulia na karatasi, lakini daftari nyingi za shule hazivumilii nibu pana, na hakuna marekebisho ya kalamu yatakayolibadilisha hilo.

Kaunta buku hutofautiana hata zikiwa na jalada linalofanana. Dukani kwangu namruhusu mteja ajaribu ukurasa wa mwisho: nukta moja, msalaba mmoja, asubiri, ageuze. Akinunua au asinunue, ukurasa ule ni wangu. Kwa wasio na chaguo, wino usiotiririka sana unasaidia, na kuandika upande mmoja wa karatasi.

Imeangukia sakafu ya simenti, nibu chini

Pole. Usichukue koleo. Kama jino moja limepinda kidogo, endelea kwenye sehemu inayofuata. Kama yamejikunja kama mdomo wa kasuku, nunua nibu nyingine.

Inakwaruza

Nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo inayowafanya watu washike msasa.

Kwanza, mkono. Biki inaandika hata ukiizungusha vidoleni. Nibu pana ikiviringika kidogo tu, jino moja linanyanyuka, jingine linaburuza ukingo wake, na mstari unatoka nusu. Hakikisha uso wa nibu unaangalia juu, kisha andika tena. Nusu ya kalamu "zinazokwaruza" zinazofika mezani kwangu zinapona hapo.

Pili, meno. Chora mistari mifupi kulia, kisha kushoto, bila nguvu. Ikikwaruza ukivuta kwenda kulia, jino la kushoto limeshuka kuelekea karatasi, na ukingo wake wa ndani ndio unaouma. Ikikwaruza ukivuta kushoto, limeshuka la kulia. Thibitisha kwa lenzi, ukiitazama ncha kutoka mbele. Lisukume juu kwa ukucha lile lililoshuka, kidogo, subiri, jaribu, rudia. Misukumo kumi midogo ni salama kuliko mmoja mkubwa. Usifikirie kung'arisha kitu mpaka meno yawe sawa, maana utakuwa unalisaga jino moja kwa kosa la jingine.

Tatu, na hapa nawasemesha waliorithi.

Meno ya kalamu ya kijani yalikuwa sawa. Wino ulikuwa mzuri, karatasi nzuri. Ikakwaruza. Nikachukua msasa wa mafundi rangi wa magari, namba 1000, nikajiambia naondoa ukali kidogo tu. Ukali ukaondoka. Chembe nayo ikaondoka upande mmoja, na sasa kalamu inaandika mstari unaofanana na wa msumari. Nilikuwa nimesaga kazi ya miaka mingi bila kujua kwamba ilikuwapo.

Nibu inayotumiwa na mtu mmoja kwa muda mrefu huliwa na karatasi pale tu inapogusa. Chini ya chembe kunatokea bapa dogo, kama kisigino cha kiatu kinavyolika upande mmoja. Kwa mwenyewe bapa lile ni utelezi mtupu. Wewe ukiishika kwa pembe nyingine, unatembea juu ya ukingo wa bapa, na ukingo ni mkali. Kwa hiyo kalamu ya urithi inayokwaruza inakuambia jinsi mzazi wako alivyoishika. Unachotakiwa ni kuitafuta pembe yake.

Fanya hivi. Tia wino, chukua karatasi nzuri, andika namba nane mfululizo bila kukandamiza. Anza kalamu ikiwa imesimama, ilaze taratibu kuelekea kwenye bonde la kidole gumba huku ukiendelea. Kisha izungushe kidogo kushoto, kidogo kulia, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Tumia sikio. Kuna mahali mkwaruzo utanyamaza ghafla na mstari utajaa. Simama hapo, angalia vidole vyako viko wapi.

Kwa ile nyeusi nilizunguka jioni nzima bila kupapata. Nimekaa kwenye kiti, nimeilaza mpaka mkono unauma, bado inauma karatasi. Mteja akaingia kutaka risiti. Nikasimama, nikaweka kitabu cha risiti juu ya kaunta, nikaandika kwa kalamu iliyokuwa mkononi, na ikanyamaza. Mama hakuwahi kuandika majalada akiwa amekaa. Alisimama kwenye kaunta ya masjala, jalada likiwa juu karibu na kifua, na kalamu ikiwa imelala karibu yote mkononi, imegeuka kidogo kushoto. Nikimkumbuka ninavyomwona ni hivyohivyo, na sikuwahi kuunganisha.

Ukishaipata pembe una njia mbili. Ya kwanza ni kuishika kama yeye. Ya pili, kama mkono wako unakataa kabisa, ni kulainisha kingo za bapa kwa upande laini kabisa wa kile kifutio cha kucha, namba nane tatu au nne, ukisimama kila mara kujaribu. Bapa lenyewe usiliguse. Mimi nimechagua ya kwanza, na kaunta ya duka nimeipandisha kwa tofali mbili.

Mwezi uliopita niliipeleka nyeusi Tukuyu. Mama siku hizi vidole vinamsumbua, lakini alisimama kwenye meza ya jikoni, akaandika anwani ya dada yake wa Kyela juu ya bahasha, herufi zilezile za majalada.

"Mwanangu, ya kijani iko wapi?"

Nikamwambia iko dukani, inasubiri nibu. Bado inasubiri. Ninazoonyeshwa na wauzaji ni nyembamba zote, na kila mmoja ananiambia ndizo watu wanazotaka.